Kiswahili Kiko Wapi Saa ya Kurejesha Mfumo?

Wahenga walisema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwapima watu, lakini yafaa pia kuipimia lugha. Lugha inayotufaa harusini, bungeni na katika mashindano ya ushairi, kisha ikatutoroka tunapopatwa na shida ya kiufundi usiku wa manane, ni rafiki wa namna gani? Katika makala haya ninadhamiria kukipima Kiswahili kwa dhiki moja ambayo imekuwa ya kawaida miongoni mwa wanafunzi: dhiki ya mtu aliyefuta kwa bahati mbaya mfumo endeshi wa kipakatalishi chake, na ambaye sasa anataka kuurejesha ule wa awali uliokuja na mashine.

Huenda msomaji akasema kwamba hilo ni suala la mafundi, na kwamba halina nafasi katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Rai yangu ni kinyume cha hiyo. Ninashikilia kwamba sisi wapenzi na wasomi wa Kiswahili tumejishughulisha mno na kubuni majina ya vitu vya tarakilishi, tukasahau kuandika maelekezo ya kuvitumia. Pengo hilo halionekani wazi mahali pengine popote kama linavyoonekana saa ile kioo cha mashine kinapogeuka cheusi, na kazi ya mwaka mzima ikawa haijulikani iliko.

Hali ilivyo Kianda

Nitatoa mfano wa Kianda kwa kuwa ni mtaa ninaoufahamu. Kianda ni kimojawapo cha vijiji vya Kibera jijini Nairobi, upande wa magharibi, si mbali na Olympic na Ayany. Wasioujua mtaa huu hudhani kwamba kipakatalishi ni kitu cha anasa kisichofika huko. La hasha! Tangu Machi 2020, serikali ya Kenya ilipofunga shule na vyuo kwa sababu ya maradhi ya Korona na mihadhara mingi ikahamia mtandaoni, mashine hii imekuwa darasa, maktaba na ofisi kwa pamoja. Kipakatalishi kimoja chaweza kuwa na watumiaji watatu: kijana anayeandikia tasnifu, dada yake anayetafutia vibarua vya mtandaoni, na mweka hazina wa chama anayehifadhi hesabu za michango ya wanachama. Mashine yenyewe mara nyingi ni ya mtumba. Ilifanya kazi katika ofisi fulani ng'ambo kwa miaka kadhaa, ikauzwa, ikasafirishwa, ikauzwa tena madukani katikati ya jiji.

Mashine ya namna hii inaweza kupoteza mfumo wake kwa njia nyingi. Kuna anayetaka kuongeza nafasi kwenye diski akafuta sehemu asiyoijua. Kuna anayetaka kujaribu Linux kando ya Windows, akachagua jibu linaloamuru diski nzima ifutwe. Kuna anayeambiwa na mashine kwamba inaweza kuanzishwa upya, akakubali bila kutambua kwamba kuanzishwa huko kuna namna mbili, moja inayobakiza kazi zake na nyingine inayofagia kila kitu. Na kuna ambaye umeme ulikatika katikati ya shughuli. Katika visa vitatu vya kwanza, jambo moja ni lile lile: mashine iliuliza swali kabla ya kufuta, na swali hilo liliulizwa kwa Kiingereza.

Hatua inayofuata huwa kwa fundi. Fundi hupokea mashine, huuliza maswali mawili matatu, kisha "huifomati" na kuiwekea Windows aliyo nayo kwenye flashi yake. Jioni mashine inawaka. Mwenyewe analipa na kushukuru. Sina nia ya kuwakashifu mafundi wetu, kwani wengi wao ni watu hodari waliojifunza kwa kutazama na kujaribu, na bila wao mitaa yetu ingekuwa na mashine nyingi zilizokufa. Hata hivyo, katika shughuli hiyo ya jioni moja kuna hasara mbili ambazo mwenye mashine hazijui, na hazijui kwa sababu hakuna aliyemweleza kwa lugha anayoifikiria.

Hasara ya kwanza: kununua ulichokwisha kununua

Hasara ya kwanza ni ya mali. Mfumo wa awali wa mashine nyingi ulilipiwa pale mashine ilipouzwa kwa mara ya kwanza, na haki ya kuutumia haifutiki diski inapofutwa. Kwenye mashine za enzi ya Windows 7, haki hiyo iko katika kibandiko kilichobandikwa chini ya mashine au ndani ya kasha la betri, chenye ufunguo wa herufi na tarakimu 25. Kuanzia Windows 8 iliyotoka mwaka 2012, watengenezaji waliuhifadhi ufunguo ndani ya ubao mama wenyewe, mahali ambapo kufuta diski hakufiki. Mtu akiweka tena toleo lile lile la Windows, programu ya kuweka mfumo husoma ufunguo huo yenyewe wala haimwulizi chochote. Na tangu Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, mashine iliyokwisha kuidhinishwa hutambuliwa na kampuni kwa alama za vifaa vyake; mwenyewe akisema hana ufunguo, kisha akaunganisha mashine na intaneti, idhini hurejea.

Mfumo wenyewe pia hupatikana bila malipo. Mashine nyingi huja na sehemu ya diski iliyofichwa, yenye nakala ya mfumo wa kiwandani. Kwenye mashine nyingi za HP hufunguliwa kwa kubonyeza F11 wakati wa kuwasha, kwenye Acer kwa Alt na F10, na kwenye ASUS kwa F9. Sehemu hiyo ikiwa nayo imefutwa, Microsoft hutoa faili za mfumo kwenye tovuti yake, na kinachohitajika ni mashine nyingine iliyo hai, flashi ya gigabaiti 8 au zaidi, na intaneti ya kutosha. Mashine za Apple zenye prosesa za Intel zina njia yao: mtu akishikilia vibonye vya Shift, Option, Command na R kwa pamoja wakati wa kuwasha, mashine huenda mtandaoni ikaleta mfumo iliozaliwa nao, au ulio karibu nao zaidi ambao bado unatolewa.

Mwenye mashine asiyeyajua haya hulipia Windows ya wizi ilhali anayo ya halali. Tena hiyo ya wizi aghalabu huamshwa kwa programu ya kuvunja kufuli, na programu za aina hiyo ni njia inayofahamika ya kupitishia virusi na majasusi wa nywila. Fikiria mweka hazina wa chama anayeingia katika akaunti ya benki kwa mashine kama hiyo. Ni sawa na mtu aliyepoteza ufunguo wa nyumba yake akaajiri asiyemjua amtengenezee mwingine, ilhali ufunguo wa akiba umo mfukoni mwake.

Hapa sharti niongeze tahadhari, maana kuna wanaodhani kwamba cha awali ni bora daima. Mfumo wa awali ni hatua ya kwanza, kwa kuwa unaelewana na vifaa vya mashine na una idhini. Lakini Windows 7 iliacha kupokea marekebisho ya usalama Januari 2020, na muda wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine nyingi za mtumba hazitimizi masharti ya Windows 11. Aliye na mashine ya aina hiyo ana sababu nzuri ya kufikiria Linux, ambayo ni ya bure na halali, mradi aamue mwenyewe baada ya kuelezwa, na asiamuliwe na mwingine kwa kuwa alikuwa hajui.

Hasara ya pili: mpangilio wa hatua

Hasara ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, kwa sababu hailipiki. Mfumo endeshi ukipotea hupatikana tena, kwani nakala zake zimo katika mamilioni ya mashine duniani. Tasnifu ya mwanafunzi, daftari la chama au picha za marehemu baba havina nakala popote. Kwa hiyo swali la kwanza mfumo unapofutika ni hili: "Humu ndani kuna nini kisicho na nakala?" Swali la jinsi ya kuurejesha mfumo linapaswa kungoja.

Ili kulielewa jambo hili, tuchukue mfano wa maktaba. Katika diski za kawaida za kuzunguka, kufuta kwa haraka huondoa orodha ya vitabu na kuviacha vitabu vyenyewe rafuni. Mgeni akiingia hataona kitabu, kwa kuwa orodha ni tupu. Lakini anayejua kupita rafu kwa rafu anaweza kuvikusanya. Vitabu hupotea kabisa pale ambapo shehena mpya inaletwa na kupangwa juu ya rafu zile zile. Shehena hiyo ndiyo Windows mpya, yenye gigabaiti nyingi. Anayekimbilia kurejesha mfumo kabla ya kuokoa kazi zake ndiye anayezika kazi hizo kwa mkono wake, au kwa mkono wa fundi.

Kwa hiyo, mpangilio wa hatua ni muhimu kuliko hatua zenyewe. Ningeueleza hivi. Kwanza, zima mashine na uache kuitumia. Pili, tafuta mashine nyingine, au flashi yenye Linux inayoweza kuwashwa bila kuwekwa kwenye diski, uitazame diski yako kupitia humo. Yawezekana kwamba ni mfumo tu ulioharibika na faili zako zote zipo. Zinakili kwenye diski nyingine. Tatu, ikiwa hazionekani, tumia programu za kuokoa data. Zipo za bure kama vile TestDisk na PhotoRec. Kila unachokiokoa kihifadhi kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye ile ile unayoiokoa. Nne, baada ya hapo ndipo urejeshe mfumo. Tano, unganisha mashine na intaneti ipate idhini na draiva zake, kisha uzirejeshe kazi zako.

Diski za kisasa zisizozunguka, zile za SSD, hazina subira hiyo. Mfumo huzijulisha mara moja kuhusu nafasi iliyoachwa wazi, nazo huisafisha zenyewe, pengine katika muda mfupi sana. Kwa wenye diski hizo, kinga ya kutegemea ni nakala iliyowekwa kabla ya ajali.

Nimeyaandika haya kwa Kiswahili katika kurasa chache, na sikuhitaji kubuni neno hata moja. Jambo hilo ndilo lililonifanya nijiulize: kama yanaandikika, mbona hayajaandikwa yakamfikia anayeyahitaji?

Kiswahili cha juu juu

Haitakuwa haki kudai kwamba hakuna kilichofanywa. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliofanyiwa kazi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Uswidi ulitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi kwa Kiswahili. Katika miaka hiyo hiyo Microsoft nayo iliandaa kiolesura cha Kiswahili cha Windows XP na cha programu zake za ofisi, na matoleo yaliyofuata hadi Windows 10 yaliendelea kupata kiolesura hicho. Hizi zilikuwa kazi za kujivunia. Walioshiriki walilazimika kuafikiana kuhusu mamia ya istilahi, na manufaa yake yanaonekana hadi leo katika simu zetu za rununu.

Hata hivyo, tutazame namna Kiswahili kilivyoingizwa katika Windows. Kiolesura hicho kilikuwa ni tabaka linalowekwa juu ya mfumo ambao tayari umo ndani ya mashine kwa lugha nyingine, kwetu sisi Kiingereza. Mfumo huwekwa kwanza kwa lugha hiyo nyingine, kisha Kiswahili huvishwa juu yake. Skrini ya kuweka mfumo na ile ya kuuokoa hazikuguswa. Matokeo yake ni kwamba mtumiaji anasoma Kiswahili mashine ikiwa nzima, anapoandika barua au kupanga picha. Mashine ikiugua, Kiswahili huondoka pamoja na mfumo uliofutwa, na mgonjwa huachwa na daktari asiyesema lugha yake. Swali la kubadilisha rangi ya dirisha limetafsiriwa. Swali la kufuta kazi zako zote halijatafsiriwa.

Ndiyo maana ninasema Kiswahili chetu cha tarakilishi ni cha sebuleni. Kimepambwa, kimepewa kiti kizuri, lakini hakijaruhusiwa kuingia jikoni ambako moto unawaka. Na lawama hii isiwaendee watengenezaji wa programu peke yao. Sisi wenyewe tumetumia miaka mingi kujadiliana kama tuseme tarakilishi, kompyuta au ngamizi, kipakatalishi au kompyuta mpakato. Mijadala hiyo ina thamani yake. Neno kipakatalishi, kwa mfano, ni tamu kwa kuwa limetumia kitenzi cha kupakata, tunachokitumia kwa mama na mtoto wake. Lakini mtoto anayepakatwa anapougua, mama hahitaji jina zuri la ugonjwa. Anahitaji kuambiwa afanye nini kwanza.

Hoja za wapinzani

Hoja ya kwanza ninayoisikia mara kwa mara ni kwamba mwenye kipakatalishi nchini Kenya amesoma, na aliyesoma anajua Kiingereza. Hoja hii inapuuza mambo mawili. Moja, kusoma swali la mtihani kwa utulivu si sawa na kusoma onyo la mashine kwa hofu, saa saba za usiku, siku moja kabla ya kuwasilisha kazi. Pili, Kiingereza cha maonyo hayo si Kiingereza cha darasani. Maneno yanayomaanisha "sehemu ya diski" au "nafasi isiyogawiwa" hayamsaidii hata aliyefuzu kwa shahada ya Kiingereza, kama hajawahi kuelezwa diski hugawanywaje. Tunahitaji ufafanuzi zaidi ya tafsiri, na ufafanuzi hushika mizizi katika lugha ambayo mtu huitumia kuwaza. Tukumbuke pia kwamba si watumiaji wote wa mashine ya familia waliosoma kwa kiwango kimoja.

Hoja ya pili ni kwamba istilahi hazijasanifishwa, na kwamba tukiandika sasa tutaongeza vurugu. Ningependa kuwauliza wenye hoja hii: ni lini lugha ilisubiri kamati ndipo watu wafanye kazi? Mafundi wa Kibera tayari wanaeleza haya yote kwa Kiswahili na Sheng kila siku. Wanasema mashine imekufa, diski imekufa, Windows imeenda, na mteja anaelewa. Wanasema kufomati, na kitenzi hicho kimekubali viambishi vyetu bila ubishi: nilifomati, imefomatiwa, usifomati. Usanifishaji hufuata matumizi, na andiko lenye manufaa husanifisha kuliko orodha ya maneno isiyosomwa na yeyote.

Hoja ya tatu inahusu riziki. Je, tukiwafundisha watu kurejesha mifumo yao wenyewe, hatutawanyang'anya mafundi chakula? Sidhani. Mtu anayejua kupima joto la mtoto bado humpeleka hospitalini. Mteja anayejua mambo ya msingi atamwendea fundi na ombi lililo wazi: "Usiweke kitu kwanza, niokolee faili, kisha unirudishie mfumo wa mashine yenyewe." Kuokoa data ni kazi ya ujuzi na yastahili malipo makubwa kuliko kunakili Windows ya wizi. Fundi hodari hatapungukiwa.

Hii pia ni haki

Lipo jambo jingine ambalo hatulitaji vya kutosha. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 cha Katiba hiyo hiyo kinampa mtumiaji haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma. Tukivisoma vifungu hivi viwili pamoja, swali linajitokeza lenyewe: maelezo ambayo mtumiaji hawezi kuyafahamu yamemnufaisha vipi kikamilifu? Sidai kwamba muuza vipakatalishi apelekwe mahakamani kesho. Ninachodai ni kwamba karatasi moja ya Kiswahili ndani ya kila boksi, au mkononi mwa kila anayenunua mashine ya mtumba, si fadhila. Ni jambo linalokubaliana na Katiba, na vyama vya Kiswahili vinapaswa kulidai kwa sauti ile ile vinayodaia Kiswahili bungeni.

Fasihi inatufunza nini?

Sisi wanafunzi wa fasihi tuna sababu zaidi ya kulijali suala hili, kwa kuwa historia ya fani yetu ni historia ya nakala. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki yapata mwaka 1840. Tungo zake nyingi tunazozisoma leo zilitufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua, katika karne ile ile ya 19, alizikusanya na kuziandika, naye mmishonari W. E. Taylor akayahifadhi maandishi hayo. Ndipo diwani ikachapishwa mwaka 1940. Karne nzima ilipita kati ya kifo cha mshairi na kitabu chake. Katika karne hiyo, tungo zilikaa katika vichwa vya watu na katika makaratasi machache yanayoweza kuliwa na mchwa au kuungua. Waandishi wa tendi za Lamu na Pate nao walizinakili kwa mkono, na ni nakala hizo zilizotuvusha.

Kinachonisikitisha ni kwamba warithi wa wanakili hao sasa wanaandika riwaya, diwani na tasnifu katika mashine moja, bila nakala ya pili. Ni tungo ngapi za vijana wa Kibera zimefutika pamoja na Windows iliyobadilishwa jioni moja kwa haraka? Hakuna atakayezihesabu, kwa kuwa kilichofutika hakiachi kaburi. Mwalimu Sikujua alihitaji wino, karatasi na kumbukumbu za watu. Mwanafunzi wa leo anahitaji flashi moja na mazoea ya kila Ijumaa. Nakala ya kazi ni sehemu ya uandishi, na ingefaa ifundishwe katika somo la mbinu za utafiti sawa na inavyofundishwa namna ya kuandika marejeleo.

Tufanye nini?

Ninapendekeza mambo matatu ambayo chama cha wanafunzi wa Kiswahili kinaweza kuyafanya bila kungoja wafadhili.

Kwanza, tuandike miongozo mifupi, kila mmoja ukurasa mmoja, kuhusu dhiki moja moja: mfumo uliofutika, faili zilizopotea, nywila iliyosahaulika, mashine iliyoingia virusi. Kila mwongozo uanze na jambo ambalo mtu hapaswi kulifanya, kwa kuwa hasara nyingi hutokea katika dakika za mwanzo. Uchapishwe kwenye karatasi, kwani mwenye mashine iliyokufa hana pa kuufungulia mtandaoni.

Pili, tuandike pamoja na mafundi. Mwanafunzi wa isimu aketi kando ya meza ya fundi asikilize maneno anayoyatumia, kisha akayapime kwa kanuni za lugha. Fundi naye asome rasimu na kuikosoa. Mwongozo usikubaliwe hadi mtu asiye fundi, mkazi wa Kianda au mtaa mwingine wowote, aweze kuufuata peke yake na kufika mwisho. Huo ndio mtihani halisi wa istilahi.

Tatu, tubadilishe namna tunavyoiadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Ngonjera na maigizo yaendelee, lakini pembeni iwepo meza ambapo watu wataleta vipakatalishi vyao, wafundishwe kwa Kiswahili kuweka nakala ya kazi zao na kutengeneza flashi ya kurejeshea mfumo kabla ajali haijatokea.

Wanaosema kwamba wanafunzi na vijana wa mitaa hawana uwezo wa kufanya kazi kama hii wamesahau yaliyotokea Kibera mwaka 2009. Hadi wakati huo Kibera ilionekana katika ramani za mtandaoni kama eneo karibu tupu. Vijana wenyeji, kupitia mradi wa Map Kibera, walichukua vifaa vya kupimia mahali, wakatembea katika vichochoro na kuichora mitaa yao wenyewe: shule, zahanati, vyoo na vituo vya maji. Hawakungoja kila mtu akubaliane kuhusu tahajia ya jina la kila kichochoro. Walianza, na ramani ikapatikana.

Ukurasa tunaouhitaji sisi ni mdogo kuliko ramani ile. Mwanafunzi mmoja wa Kiswahili, fundi mmoja na Jumamosi moja vinatosha kwa mwongozo wa kwanza. Shime basi, wanafunzi wenzangu, tuanze na huu wa mfumo uliofutika, na toleo lijalo la jarida hili liuchapishe katika jalada lake la nyuma, mahali ambapo msomaji anaweza kuukata na kuubandika ukutani juu ya meza yake.